Sawa kwa Njia Ipi?

Katika Kiswahili chetu cha Dar es Salaam sidhani kama kuna neno linalotumwa kazi nyingi kwa ujira mdogo kuliko neno "sawa". Mteja akitajiwa bei na akajibu "sawa", biashara imekwisha. Mgonjwa akiulizwa hali husema yuko sawa, hata kama usiku kucha hakulala. Fundi akilaza pimamaji juu ya tofali husema ukuta uko sawa. Wazee wakitaka kuvunja ugomvi husema sote ni sawa. Na mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa kwamba mbili kujumlisha na tatu ni sawa na tano. Neno ni moja, wala hatusimami kujiuliza kama jambo linalosemwa nalo ni moja.

Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari upande wa Temeke kwa miaka mingi, na alama ile ya mistari miwili iliyolala nimeiandika ubaoni mara zisizohesabika. Baada ya kustaafu nilipata nafasi ya kusoma mambo ambayo mtaala haukuwa na nafasi nayo. Miongoni mwao lipo tawi la hisabati liitwalo homotopia, pamoja na ndugu yake wa karibu, nadharia ya kategoria, hasa kategoria za ngazi za juu. Majina hayo yanatisha, na kwa kweli ufundi wake ni mgumu; sijidai kuwa nimeumaliza. Lakini swali linalolizaa tawi hili ni jepesi, nalo ni hili: tunaposema vitu viwili ni sawa, ni sawa kwa njia ipi? Na kama njia ziko mbili, je, nazo ni sawa? Nakusudia kumwonyesha msomaji asiye mwanahisabati kwamba swali hili si geni kwetu. Tunaliishi kila siku, barabarani na majumbani, ila hatujalipa jina.

Tuanze barabarani, maana hata wakubwa walianzia huko. Mwaka 1736 Leonhard Euler aliandika juu ya madaraja 7 ya mji wa Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Watu wa mji ule walijiuliza kama mtu anaweza kutembea akapita kila daraja mara moja tu. Euler alionyesha kwamba haiwezekani, na la ajabu ni kwamba hakuhitaji kujua urefu wa daraja wala upana wa mto. Alihitaji kujua nini kimeungana na nini. Hapo ndipo lilipochipuka tawi la hisabati liitwalo topolojia, elimu ya maumbo ambayo haijali vipimo bali hujali miungano na matundu.

Sisi nasi tunayo madaraja. Chukua ramani ya Dar es Salaam, uangalie jinsi bahari ilivyoingia ndani kutoka mlango wa bandari, ikapita Kurasini na kuendelea kusini kuelekea Mtoni na Mbagala. Mkono huo wa bahari ndio unaoitenga Kigamboni na mji. Kabla ya mwaka 2016, mtu wa Kariakoo aliyetaka kufika Kigamboni alikuwa na njia mbili. Ama apande pantoni pale Feri avuke, ama azunguke kwa nchi kavu: ashike Barabara ya Kilwa, apite Mtoni, Mbagala Rangi Tatu, afike Kongowe, kisha akate kushoto kuelekea Kibada na Kigamboni. Tarehe 19 Aprili 2016 lilifunguliwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, kutoka Kurasini hadi ng'ambo. Wengi tulifurahi kwamba safari imefupishwa. Mwanahisabati angesema pia kwamba siku ile umbo la mji lilibadilika.

Fanya jaribio hili kichwani. Funga ncha moja ya uzi mrefu kwenye nguzo Kariakoo, shika kibunda cha uzi mkononi, kisha tembea ukiuachia nyuma yako. Uzi utalala chini. Unaweza kuuvuta uteleze juu ya ardhi na juu ya madaraja, lakini huruhusiwi kuukata wala kuupitisha juu ya maji ya bahari. Mito midogo kama Kizinga na Mzinga tuihesabu kuwa nchi kavu, maana huko juu hata mtoto huivuka. Kabla ya 2016, ungezunguka Mbagala na Kongowe mpaka Kigamboni, kisha, kwa kuwa pantoni si nchi kavu, ungelazimika kurudi kule kule. Ukifika Kariakoo ukauvuta uzi, ungekuja wote mkononi taratibu. Kihomotopia, safari yako yote ilikuwa sawa na kukaa Kariakoo bila kuondoka.

Sasa rudia baada ya daraja. Nenda kwa Kongowe, fika Kigamboni, rudi kwa Daraja la Nyerere, ingia Kurasini, ufike Kariakoo. Vuta uzi. Hauji. Umeuzunguka mkono wa bahari, na maji yako katikati ya kitanzi. Utaukaza mpaka ukatike, lakini kitanzi hakitakwisha. Ukizunguka mara mbili uzi utakuwa na mizunguko miwili. Ukizunguka mara mbili kwa mkono wa kulia na mara moja kwa mkono wa kushoto, utabaki mmoja. Kwa hiyo mizunguko yote inayowezekana huhesabika kwa namba kamili, chanya kwa upande huu, hasi kwa upande ule, na sifuri kwa aliyerudi alikotoka. Watoto wetu huchoka kuuliza namba hasi zina kazi gani duniani. Kumbe mtu akizunguka Kigamboni kinyumenyume, anazifanyia hesabu kwa miguu.

Aliyeliweka jambo hili katika hisabati ni Mfaransa Henri Poincaré, katika maandishi yake ya mwaka 1895. Aliona kwamba umbo lolote linaweza kuhojiwa kwa njia ya nyuzi: weka nguzo, tembea, rudi, kisha uliza ni safari zipi zinazoweza kutelezeshwa zikawa nyingine. Safari mbili zinazoweza kutelezeshwa hivyo ndizo tunazosema ziko katika homotopia moja. Hazikupita nyayo kwa nyayo, na pengine moja ilipitia sokoni na nyingine ikapitia uwanjani. Lakini kati yao hakuna tundu, basi ni sawa. Zikiwa na tundu kati yao, si sawa, hata kama zilianza nguzo moja na zikaishia nguzo moja.

Upande wa Kinondoni nao ulipata tundu lake. Tangu zamani Daraja la Selander liliunganisha Upanga na Oysterbay. Mwaka 2022 likafunguliwa Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilometa moja, likipita baharini kutoka karibu na Hospitali ya Aga Khan hadi upande wa Coco Beach. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda kwa Selander na kurudi kwa Tanzanite, akawa ameyazunguka maji yaliyo kati ya madaraja hayo mawili. Sasa mji una vitanzi viwili, kimoja cha Temeke na Kigamboni, kimoja cha Kinondoni. Hapa hutokea jambo la kustaajabisha. Mtu akianza Kariakoo akazunguka kwanza Kigamboni kisha Tanzanite, uzi wake hauwezi kutelezeshwa ukawa kama wa mtu aliyeanza na Tanzanite kisha Kigamboni. Wote wawili wamezunguka matundu yale yale, kila moja mara moja, na jioni wote wako Kariakoo. Nyuzi zao zinashuhudia kwamba siku zao hazikuwa moja. Katika kujumlisha namba tulizoea kwamba tatu na nne ni sawa na nne na tatu. Katika safari, utangulizi una maana.

Mpaka hapa tumelinganisha safari na safari. Hatua inayofuata ndiyo iliyowachanganya hata wataalamu, nayo ni kulinganisha njia za kulinganisha. Chukua chungwa, la aina ile wanayouza vijana barabarani likiwa limemenywa ganda la kijani na kubaki jeupe. Nyosha uzi kutoka kikonyo hadi kitako ukipitia upande ulioko mbele yako, na mwingine kutoka kikonyo hadi kitako ukipitia upande wa nyuma. Je, uzi wa mbele unaweza kutelezeshwa ukawa wa nyuma? Naam, bila shida. Lakini kwa upande gani? Unaweza kuupitishia kulia, na unaweza kuupitishia kushoto. Kwa hiyo nyuzi hizi ni sawa, tena ni sawa kwa njia mbili. Je, njia hizo mbili nazo ni sawa? La hasha. Mtelezo wa kulia umefagia nusu moja ya chungwa, wa kushoto umefagia nusu nyingine, na katikati yao kuna chungwa zima. Huwezi kuuhamisha mmoja ukawa mwingine bila kulipasua.

Msomaji ameona tulipofika. Vitu viwili vinaweza kuwa sawa; usawa wao unaweza kuwa na njia zaidi ya moja; njia hizo zenyewe zinaweza kuwa sawa au zisiwe; na zikiwa sawa, twaweza kuuliza tena kwa njia ipi. Ngazi haina mwisho. Anayesema tu "ni sawa" amesimama kwenye kidato cha kwanza na kudhani amefika darini.

Ngazi hiyo haikupokewa kwa shangwe. Mwaka 1932, katika mkutano mkuu wa wanahisabati uliofanyika Zürich, Eduard Čech aliyetoka Czechoslovakia alileta fikra ya kuhesabu mitelezo hiyo ya ngazi za juu. Wenzake mashuhuri, Alexandroff na Hopf, wakamwonyesha kwamba katika ngazi hizo utangulizi hauna maana: kwanza hiki kisha kile ni sawa na kwanza kile kisha hiki. Kwa kuwa katika safari za kawaida utangulizi ndio uliokuwa na utamu wote, wakaona jambo la Čech haliwezi kuwa na jipya, naye akaliacha likabaki aya fupi tu katika kumbukumbu za mkutano. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1935, Witold Hurewicz alilichukua upya, na tangu hapo hesabu za ngazi za juu zimekuwa miongoni mwa mambo magumu na yenye utajiri mkubwa katika topolojia. Mpaka leo hazijakamilika hata kwa maumbo yanayoonekana rahisi kama mpira.

Kwa nini utangulizi hupotea ngazi ya juu? Anayeishi uswahilini atalielewa upesi kuliko wa Zürich. Katika uchochoro kati ya nyumba mbili, watu wawili waliobeba magodoro hawapishani. Aliyetangulia atabaki ametangulia. Watoe wote wawili uwanjani, na watapishana bila kugusana. Safari ni kama uchochoro, ina mbele na nyuma tu. Mtelezo ni kama uwanja, una mbele na nyuma, pia kulia na kushoto, basi pana nafasi ya kupishana. Wakubwa wale wa Zürich waliona kwamba uwanjani watu hupishana, wakahitimisha kwamba uwanjani hapana la kutazama.

Sasa niingie majumbani, ambako jambo hili lina uzito zaidi kuliko barabarani. Mwaka 1945 Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane walichapisha Marekani nadharia ya kategoria. Fikra yake ni kwamba tusianze kwa kuchungulia ndani ya vitu. Tuanze na mishale inayokwenda kutoka kitu hadi kitu, na jinsi mshale mmoja unavyofuatana na mwingine kuzaa wa tatu. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuipata. Mshale wa "baba" ukifuatwa na mshale wa "dada" huzaa "shangazi". "Mama" ikifuatwa na "kaka" huzaa "mjomba". Mjomba na baba mdogo wote ni ndugu wa kiume wa mzazi, lakini hakuna Mswahili atakayekubali kwamba ni sawa, kwa kuwa njia za kuwafikia si moja. Na mtaani kwetu mtu hutambulishwa kwa mishale yake: Mama Fulani, baba wa fulani, mwali wa nyumba fulani. Unaweza kukaa na mtu miaka 20 bila kulijua jina alilopewa na wazazi wake, na ukamjua barabara. Katika nadharia ya kategoria iko kanuni yenye jina la Mjapani Nobuo Yoneda, isemayo kwamba kitu hujulikana kikamilifu kwa jumla ya mishale inayokifikia. Kinamama wa Temeke wasingeshangaa.

Nitatoa mfano mmoja wa kwetu. Mama yangu mkubwa, dada yake mama kwa mama mmoja na baba mbalimbali, alifariki akaacha nyumba Temeke. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Hakuwa na mtoto, wazazi wake walikwisha tangulia, na kwa upande wa baba hakuwa na ndugu. Alimwacha mumewe, mzee aliyekuwa mtoto wa baba yake mdogo. Yaani waliooana walikuwa binamu, jambo la kawaida pwani. Madeni na gharama za mazishi zilipokwisha kulipwa, kikao kikakaa kugawa nyumba kwa sheria ya Kiislamu. Mume wa mke asiyeacha mtoto hupata nusu: vyumba vitatu. Mama yangu, dada wa kwa mama, sudusi, yaani moja ya sita: chumba kimoja. Vikabaki vyumba viwili, na hapo maneno yakaanza.

Baadhi ya jamaa wa upande wa ujombani walisema mume amekwisha pata haki yake, basi hivyo viwili viuzwe fedha igawanywe kwa wote, kwa sababu "sote ni ndugu, sote ni sawa". Yalikuwa maneno mazuri, na nilimwona yule mzee akiinamisha kichwa, kwa kuwa kuuza vyumba viwili vya nyumba ya namna ile ni kuuza nyumba. Shehe aliyeitwa kusimamia akauliza swali moja: huyu bwana ni nani kwa marehemu? Wakajibu, mumewe. Akauliza, na kabla ya kumwoa? Kimya kikapita. Akaeleza kwamba kinachobaki baada ya mafungu humwendea mwanamume aliye karibu zaidi kwa upande wa baba, na kwa kuwa hapakuwa na aliye karibu kuliko huyu, vyumba viwili ni vyake, safari hii si kwa ndoa bali kwa damu. Mzee amesimama hapa mara mbili, alisema, na kila kusimama kuna fungu lake.

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee alibaki na vyumba vitano, vitatu kwa njia moja na viwili kwa njia nyingine, akaishi humo mpaka mwisho wake. Mama yangu akapata chumba chake, akamwacha mpangaji aliyekuwamo, na kodi yake ndiyo iliyonunua madaftari yetu kwa muda mrefu. Wakati ule sikujua lolote juu ya Eilenberg wala Mac Lane. Nilipokuja kusoma kwamba kati ya kitu na kitu kunaweza kuwa na mishale miwili, na kwamba kuifanya mmoja ni kupoteza habari, nilijua mara moja kwamba anayepoteza habari hizo anaweza kumpoteza mzee wa watu nyumbani kwake.

Kategoria za ngazi za juu ni kuunganisha haya mawili, uzi wa barabarani na mshale wa nyumbani. Vitu vina mishale kati yao. Mishale ina mishale kati yake. Na kadhalika bila kikomo. Aliyeliona jambo hili kwa upana ni Alexander Grothendieck, aliyezaliwa Berlin mwaka 1928 na kuishi sehemu kubwa ya maisha yake bila uraia wa nchi yoyote. Mwaka 1983 alianza maandishi marefu ya mamia ya kurasa, yakianza kama barua kwa Mwingereza... la, kwa Mmarekani, Daniel Quillen. Humo alipendekeza kwamba umbo lolote, likitazamwa kihomotopia, si kitu kingine ila jumla ya njia zake, njia kati ya njia zake, na kuendelea. Ukizijua zote, umelijua umbo.

Lakini kulisema ni rahisi kuliko kulithibitisha. Mwaka 1991 Mikhail Kapranov na Vladimir Voevodsky, vijana hodari waliotoka Urusi ya Kisovyeti, walichapisha uthibitisho wa fikra hiyo kwa namna fulani. Mwaka 1998 Carlos Simpson, mwanahisabati anayefanya kazi Ufaransa, alitoa hoja kwamba matokeo yao hayawezi kuwa kweli. Hakuonyesha hatua ipi imevunjika. Alionyesha tu kwamba mahali walipofika hapafikiki. Voevodsky, ambaye mwaka 2002 alipewa Nishani ya Fields, heshima kubwa kabisa katika hisabati, alieleza mwenyewe baadaye kwamba aliendelea kuamini kazi yao mpaka mwaka 2013, ndipo alipokubali kwamba Simpson alikuwa na haki. Miaka 15 ilipita. Hapakuwa na udanganyifu. Kulikuwa na njia ndefu mno, na wasomaji waliomwamini mwenye njia.

Tukio hilo na mengine yalimfanya Voevodsky ahangaikie namna ya kuifanya kompyuta ikague kila hatua ya uthibitisho. Ili kompyuta iweze kufanya hivyo, ilibidi ielezwe usawa ni nini, na hapo homotopia ikarudi kwa mlango wa mbele. Katika mwaka wa masomo wa 2012 na 2013, kundi la wanahisabati na wataalamu wa kompyuta walikaa pamoja kwenye taasisi ya masomo ya juu huko Princeton, Marekani, wakatoa kitabu mwaka 2013. Katika msingi wanaoujenga, kusema "hiki ni sawa na kile" ni kutoa njia kutoka hiki hadi kile. Njia ni kitu, inahifadhiwa, inaweza kuwa zaidi ya moja, na mbili zinaweza kulinganishwa. Voevodsky alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 51, lakini kazi hiyo inaendelea.

Walimu wenzangu watatabasamu kidogo hapa. Wanafunzi wetu wana neno lao kwa mistari ya hesabu inayotangulia jibu: huiita "njia". Miaka yote nimesikia lalamiko moja: mwalimu, jibu langu ni sawa na la mwenzangu, mbona umenikata alama? Nami hujibu, njia yako iko wapi? Wapo wanaodhani huo ni ukali wa walimu, kama vile jibu ndilo mali na njia ni karatasi ya kufungia. Lakini jibu lisilo na njia halikaguliki, halirithiki, wala halimfikishi mwingine. Likiwa kosa, hutajua lilipovunjika. Likiwa kweli, hutajua limesimama juu ya nini.

Najua msomaji atauliza faida ya elimu hii kwa mji wenye shida ya maji na foleni. Sitamdanganya kwamba itampatia maji. Faida ninayoiona ni ya akili na ya uadilifu. Mtoto wa Mbagala husoma madarasa ya msingi kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967, kisha akiingia sekondari hukuta kila kitu kimegeuzwa Kiingereza, na huambiwa kwamba hisabati ni ile ile. Ni kweli kwamba ni ile ile, lakini kwa njia ipi? Mtu asipomjengea daraja kati ya "sehemu" aliyoijua na neno jipya aliloandikiwa ubaoni, kwake hizo ni nchi mbili zenye bahari katikati. Kusema "ni sawa" hakujamvusha.

Basi sikatai neno letu "sawa". Bila hilo mji usingekwenda hata siku moja. Ninalosema ni kwamba neno hilo ni ahadi. Anayelitamka ameahidi kwamba iko njia, na kwamba akiulizwa ataionyesha. Mwenye kuuliza naye asionekane mkorofi. Mara nyingi anachotafuta ni kujua vyumba viwili vilivyobaki ni vya nani.